Kifurushi cha matukio ya sasa kwa mtihani wa UPSC: uzoefu wangu

Kifurushi nilicholipia kina vitu vinne: muhtasari wa habari kila asubuhi kwenye simu, jarida la mwezi la PDF, maswali ya kuchagua kila siku, na kusahihishiwa majibu ya kuandika mara moja kwa wiki. Nimekitumia msimu mzima, kuanzia baada ya mchujo mmoja hadi mchujo uliofuata. Jina la kampuni silitaji. Sehemu kubwa ya malalamiko yangu inawagusa na washindani wake, na anayeutafuta mtihani huu mtandaoni atakutana nao wote kabla ya jua kuzama.

Kwa wasioujua: UPSC ni tume inayoajiri maofisa wa juu wa serikali ya India, wakiwemo wakuu wa wilaya, makamanda wa polisi, wanadiplomasia na watu wa kodi. Kila mwaka wanaomba takribani watu milioni moja. Nafasi zilizotangazwa mwaka 2025 zilikuwa 979. Kuna mchujo wa maswali ya kuchagua, kisha mtihani mkuu wa kuandika wenye karatasi tisa, kisha usaili. Mtaala wa karatasi ya kwanza ya mchujo unaanza na mstari mmoja mfupi: matukio ya sasa yenye umuhimu wa kitaifa na kimataifa. Hausemi ya mwezi gani, ya nchi zipi, wala kwa kina gani. Biashara yote hii ya majarida na vifurushi imeota kwenye mstari huo.

Mimi ni mzaliwa wa Mwanza. Baba hakuwahi kuiacha pasipoti yake ya India, nami nikairithi, na sasa naishi Jamnagar, jimbo la Gujarat, kwa shangazi. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu wenzangu wa Mwanza na Mombasa wananiuliza kila mara kama watu wa kwetu wanaruhusiwa kufanya mtihani huu. Wanaruhusiwa, kwa masharti. Kanuni zinawataja waziwazi watu wenye asili ya India waliohama kutoka Kenya, Uganda, Tanzania, Zambia, Malawi na nchi nyingine kadhaa kwa nia ya kuishi India moja kwa moja. Asiye na uraia wa India anahitaji cheti cha kustahiki kutoka serikalini, na asihangaike na IAS (utawala) wala IPS (polisi), hizo ni za raia tu. Halafu kuna karatasi ya lugha ya Kihindi au lugha nyingine ya India ambayo lazima uifaulu. Kigujarati cha kuagizia chapati jikoni hakikutoshi kuandika insha, nawaambia mapema.

Turudi kwenye kifurushi.

Muhtasari wa asubuhi siutilii maneno mengi. Unafika mapema, umepangwa kwa mada, na ukiwa kwenye basi unasaidia. Ila habari imekatwakatwa mpaka hoja imetoka. Tahariri ya gazeti la The Hindu au la Indian Express inakuonyesha mtu akibishana na mtu mwingine. Muhtasari unakuachia vitone vitano vyenye herufi nzito. Baada ya muda niliurudisha kwenye nafasi yake: naufungua jioni kuangalia kama kuna kitu nimekiruka kwenye gazeti.

Jarida la mwezi ndilo linalotangazwa kwa kelele nyingi, nami ndilo lililonivuta kulipa. Kila toleo ni zaidi ya kurasa mia, na linatoka katikati ya mwezi unaofuata. Fanyeni hesabu: ikifika Aprili, mwezi mmoja tu kabla ya mchujo, una zaidi ya kurasa elfu moja za madesa, na bado hujagusa historia, katiba wala uchumi. Kurasa nyingi kati ya hizo ni taarifa za PIB, yaani idara ya habari ya serikali, zilizofupishwa kidogo na kutiwa rangi. Mpango wa wizara fulani, tarehe ya kuzinduliwa, waziri aliyeuzindua, bajeti yake. Zile taarifa zipo bure kwenye tovuti ya PIB kila siku.

Lakini nisiwaonee. Kuna kurasa ambazo aliyeziandika alijua anachofanya. Aprili 2025 jeshi la majini la India lilifanya mazoezi na nchi kadhaa za Afrika pale Dar es Salaam, Tanzania ikiwa mwenyeji mwenza. Mazoezi yanaitwa AIKEYME. Nilifungua toleo lile nikitegemea mistari miwili. Nikakuta ukurasa mzima unaoanzia SAGAR, sera ya India kuhusu Bahari ya Hindi iliyotangazwa Mauritius mwaka 2015, ukaja kwenye mrithi wake MAHASAGAR iliyotangazwa hukohuko Mauritius Machi 2025, ukaeleza kwa nini New Delhi inaitazama pwani yetu kama sehemu ya ulinzi wa Bahari ya Hindi, na ukakumbusha kwamba IIT Madras, mojawapo ya vyuo vya teknolojia vya India, ilifungua tawi Zanzibar mwaka 2023, tawi la kwanza la IIT nje ya India. Huo ukurasa mmoja ulinipa jibu zima la mtihani mkuu. Laiti nusu tu ya jarida ingeandikwa hivyo, ningewasifu hadharani kwa jina.

Tatizo la jarida ni kwamba linakueleza tukio, na mtihani unakuuliza kilicho chini ya tukio. Chukueni mchujo wa mwaka 2022. Walitoa orodha ya maeneo yanayotajwa mara kwa mara kwenye habari, kila moja na nchi yake, wakauliza ni jozi ngapi zimelingana: Anatolia na Uturuki, Amhara na Ethiopia, Cabo Delgado na Hispania, Catalonia na Italia. Mtu wa Mtwara hahitaji kulipia chochote kujua Cabo Delgado iko wapi. Akivuka Ruvuma ameshafika. Lakini kijana wa Patna au Indore, huku India, aliyesoma kurasa tatu kuhusu wapiganaji wa kule, na majeshi ya nje yaliyopelekwa, na mradi wa gesi, bila kufungua ramani hata mara moja, anaweza kutikisika pale. Mwaka huohuo waliuliza ni ziwa gani la Afrika Magharibi lililokauka likageuka jangwa, na mojawapo ya machaguo lilikuwa Ziwa Victoria. Nilipolikuta swali hilo kwenye mitihani iliyopita nilicheka peke yangu, mimi niliyekua nikila sato wa ziwa hilohilo. Jibu ni Faguibine, la Mali.

Mwaka uliofuata walirudia mtindo huo kwa ukatili zaidi: Donbas wakaipeleka Syria, Kachin Ethiopia, Tigray Yemen ya Kaskazini. Hakuna hata moja iliyolingana. Hayo yote ni maeneo yaliyokuwa kwenye habari kila wiki, na majarida yaliyaandika kwa wingi. Jarida langu, kwa msimu mzima, liliweka ramani chache mno, tena ndogo, zisizosomeka kwenye simu. Kwa bei ile, jambo hili ndilo lililoniudhi kuliko yote. Kila jina la mahali linalotokea kwenye habari linastahili ramani pembeni. Kuichora hakugharimu kitu ukilinganisha na kurasa za picha za mawaziri wakikata utepe.

Sehemu ya maswali ya kila siku ni habari nyingine kabisa. Hapo ndipo pesa yangu ilipofanya kazi.

Karatasi ya kwanza ya mchujo ina maswali 100 kwa saa mbili, na jibu baya linakukata theluthi ya alama za swali. Zamani mtu mjanja angeweza kuvuka kwa kuondoa machaguo: ukijua kauli ya pili ni ya uongo, unafuta machaguo mawili, unabaki na mawili ya kukisia. Kuanzia 2023 watunzi walizidisha swali la aina nyingine, lile linalouliza ni kauli ngapi kati ya hizi ni sahihi: moja tu, mbili tu, zote tatu, au hakuna. Hapo ujanja umeisha. Kujua kauli mbili bila ya tatu ni sawa na kutojua. Kampuni hii iliandika maswali yake mengi kwa mtindo huo, na maelezo ya majibu yao yamekaa vizuri. Nakumbuka moja kuhusu marekebisho ya 106 ya katiba ya mwaka 2023, yale yanayowatengea wanawake theluthi moja ya viti. Kauli zilikuwa tatu: kwamba yanahusu pia Rajya Sabha, yaani bunge la juu, kwamba yanaanza kutumika papo hapo, na kwamba muda wake ni miaka 15 unaoweza kuongezwa. Sahihi ni hiyo ya mwisho peke yake. Rajya Sabha haimo, na utekelezaji uliwekwa usubiri sensa na ugawaji mpya wa majimbo. Maelezo hayakutegemea kichwa cha habari. Yalikupeleka kwenye kifungu chenyewe cha katiba na kukwambia ni neno gani lililobeba jibu. Maswali kumi ya namna hiyo kwa siku, ukiyapitia kwa utulivu na katiba ikiwa mkononi, yanakufundisha kusoma gazeti kwa jicho la mtunzi wa mtihani. Unaanza kuuliza: hili linahusu bunge lipi, linaanza lini, linamgusa nani na nani haguswi.

Kusahihishiwa majibu kulinipa raha na kero kwa zamu. Karatasi tatu za kwanza za maarifa ya jumla za mtihani mkuu zina maswali 20 kwa saa tatu. Mengine unajibu kwa maneno 150, mengine 250. Hakuna muda wa kupamba. Wiki moja swali lilihusu hukumu ya Februari 15, 2024, Mahakama ya Juu ya India ilipofuta hati za michango ya siri kwa vyama vya siasa kwa sababu zilimnyima mpiga kura haki yake ya kupata habari. Niliandika kesi yote, majaji watano, kifungu cha 19, kila kitu. Msahihishaji akaandika pembeni: umesimulia kesi, swali linauliza kama uwazi umeongezeka. Maneno hayo machache yalinifaa kuliko toleo zima la jarida. Wiki nyingine karatasi ilirudi baada ya siku nyingi, na maoni ni yaleyale anayoweza kubandikiwa mtu yeyote: boresha utangulizi, chora mchoro, ongeza takwimu. Inategemea umeangukia kwa msahihishaji gani, na huwezi kumchagua.

Sasa bei. Ile inayoonyeshwa kwenye tangazo haijajumlisha kodi ya GST ya asilimia 18, kwa hiyo ukifika kwenye malipo unashtuka. Ukishalipa, simu za mauzo haziishi. Muhtasari wa mwaka unauzwa kando. Uchambuzi wa bajeti ya Februari 1 unauzwa kando. Muhtasari wa ripoti ya hali ya uchumi unauzwa kando pia, ilhali ripoti yenyewe serikali inaiweka mtandaoni bure. Nilikataa yote, na sikuona nilichopungukiwa: miswada ya bunge ninaisoma kwenye tovuti ya taasisi ya PRS, ambao wanaieleza kwa lugha nyepesi bila malipo, mijadala ipo Sansad TV, televisheni ya bunge, na jarida la serikali la Yojana bei yake ni ndogo.

Kuna watakaosema bora kwenda Delhi kabisa, Mukherjee Nagar au Old Rajinder Nagar, ukakae na wenzako kwenye twisheni ya ana kwa ana. Mimi nililiwaza. Kisha ikaja Julai 2024, maji ya mvua yakajaa kwenye maktaba ya chini ya ardhi huko Old Rajinder Nagar na watahiniwa watatu wakafa. Shangazi alisikiliza taarifa ile mpaka mwisho, akazima televisheni, akasema, “Mwanangu, Delhi utaenda siku ya usaili.” Mjadala ukaishia hapo. Kwa matukio ya sasa peke yake, kwa kweli, mtu wa Jamnagar mwenye gazeti na bando la intaneti hapungukiwi na kitu.

Kuhusu usaili, kifurushi hakina msaada kwa mtu wa asili yetu. Ukiandika kwenye fomu kwamba umezaliwa Mwanza, jiandae kuulizwa Tanzania, na hakuna jarida la hapa litakalokuandaa kwa swali la reli ya SGR au bei ya korosho. Kwa hilo nasoma Mwananchi mtandaoni.

Anayetaka kununua, anunue Juni au Julai, punde baada ya mchujo wa Mei, aanze maswali na mwezi wake wa kwanza wa habari. Akinunua Januari atapewa malundo ya matoleo ya nyuma ambayo hatayamaliza. Auombe kwanza muda wa majaribio, wanao hata kama hawautangazi, na atumie siku hizo kusoma maelezo ya majibu badala ya kuhesabu kurasa za PDF. Mimi msimu huu nimechukua maswali peke yake, yanayouzwa kando kwa chini ya nusu ya bei, na chenji nimenunulia atlasi kubwa ya shule.