Surge XT kwa mpiga kinanda wa taarab: ya bure, na Rast inatoka

Wapiga kinanda wenzangu mnaijua hii, fidla na udi wameshaingia Rast (moja ya maqam, yaani mipangilio ya nota ya Kiarabu), muimbaji anashuka kwenye ile E ya katikati ambayo sio E ya kawaida na wala sio E flati, wewe unabonyeza E yako na safu nzima ya mbele inageuka kukutazama. Vinanda vya Kiarabu vyenye vitufe vya robo toni (nota za katikati ya funguo mbili jirani) vipo ila bei zimechangamka, kwa hiyo wengi wetu tunaikwepa tu hiyo nota, tunashika C na G basi, mwenye ganuni ndo ahangaike na vile vichuma vyake.

Sasa kuna programu inaitwa Surge XT, ni sinthesaiza ya kwenye kompyuta, na ni bure kabisa, sio ile bure ya siku 30 halafu inaanza kukudai. Aliianzisha Claes Johanson akawa anaiuza, mwaka 2018 akauachia msimbo wake (source code) wazi kwa watu wote, wajitolea wakaishika wakaiendeleza mpaka ikatoka hii XT mwaka 2022. Inakubali Windows, Mac na Linux, unaweza kuifungua peke yake au ndani ya programu yako ya kurekodia, unachomeka kibodi yako kwa USB unapiga.

Sauti zake ni nyingi mno na nzuri, ila mimi hizo sikuzifuata. Nilichofuata ni kwamba inakuruhusu kubadilisha mpangilio wa sauti wenyewe, na niliotaka kuusikia ni ule wa kugawa okteva (kutoka C mpaka C inayofuata) vipande 31 vilivyo sawa badala ya 12. Okteva nzima ni senti 1200 (senti za muziki, sio za duka), nusu toni ya kinanda ni 100, na kwenye huu mfumo kila hatua ni senti 38.7 hivi. Sio kitu cha juzi, Christiaan Huygens wa Uholanzi alishauandika mwaka 1691, na Mholanzi mwingine, Adriaan Fokker, akatengenezewa kinanda kikubwa cha mabomba cha sauti 31 kikazinduliwa 1950 kule Haarlem, siku hizi kipo Amsterdam.

Kwanini 31 na sio 24 kama wanavyofundisha Waarabu? Kwa sababu 24 ni zile zile 12 zimekatwa katikati, robo toni unazipata ila kodi zako (chords, nota zinazopigwa pamoja) zinabaki na ukali ule ule. Kwenye 31 ile E ya kodi ya C iko senti 387, ambapo E safi ya asili ni 386, na kinanda cha kawaida kinakupa 400. Shikilia C, E na G kwa sauti ya ogani uone, ule mtetemo wa E unatulia karibu wote. G ndo imelegea kidogo, 697 badala ya 702, ukipiga C na G peke yake utasikia inayumba taratibu, mimi nimeivumilia. Na ile E ya Rast ipo pia, hatua ya 9, senti 348, karibu sana na ile 350 ya robo toni.

Jamani sasa msije mkapakia zote 31 kwenye kibodi. Funguo 61 zinakupa okteva mbili kasoro, mkono hauelewi uko wapi, ukitaka okteva yako ya kawaida inabidi uruke funguo 31. Chagua 12 tu unazozihitaji. Unafungua notepadi, mstari wa kwanza jina, wa pili unaandika 12, halafu kila sauti mstari wake: 116.129, 193.548, 309.677, 348.387, 503.226, 580.645, 696.774, 812.903, 890.323, 1006.452, 1045.161 na mwisho 2/1. C yenyewe haiandikwi. Sevu ikiwa na .scl mwishoni, buruta faili uiachie juu ya dirisha la Surge, tayari. Ila zile nukta usizisahau, namba ikiwa haina nukta programu inaisoma kama uwiano na sio senti, sauti itapaa mpaka usiisikie.

Kwa faili hiyo funguo nyeupe kuanzia C ni Rast, hatua 5 4 4 5 5 4 4. Maqam nyingine pia zimo: anzia D, weka B flati, hiyo Bayati. D, E flati, F# na G ni Hijaz, na hii ndo iliyonifurahisha kuliko zote, lile pengo la katikati ni senti 271 wakati kinanda cha kawaida kina 300, kwa hiyo Hijaz inabana, inakuwa na kilio. Mkitaka kuchezea zaidi, pandisha F hatua moja tu iwe 541.935, mnapata skeli ambayo watu wa mifumo hii wanaiita mohajira, inatokana na kurundika ile nota ya senti 348 juu ya nyingine mpaka zifike saba. Ni Rast ila kama imesafiri.

Hasara yake, ukishaweka E ya Rast basi kodi ya C meja huna, inabidi uwe na faili ya pili yenye 387.097 na 1083.871, na kubadilisha katikati ya wimbo sio jambo la kufanya mbele za watu. Halafu Surge inapimia kutoka C, kwa hiyo A inashuka mpaka kama Hz 437.5, na mwenye fidla ametyuni A yake Hz 440. Ingia kwenye menyu ya tyuning kuna sehemu ya kurudisha A kwenye 440, fanya hivyo kabla ya mazoezi.

Udi, fidla au akodioni za kurekodiwa hamna humu, hii ni sinthesaiza, na ngoma za kukusindikiza pia hamna. Dirisha lenyewe limejaa vitufe mpaka mgeni anachoka, japo vingi huna haja navyo. Wa rusha roho mnaotaka kubonyeza midundo na kuondoka, bakini na vinanda vyenu. Anayepiga asili na ana laptopu ya wastani aipakue leo, aanze na Bayati, ndo rahisi kwa sikio.