Kipanya kimoja, kompyuta mbili: swichi ya KVM au programu?

Kwa mafundi wa Mwembe Tayari, Mombasa, ubishi huu hauishi. Programu ya Input Leap, inayovusha mshale kutoka skrini ya kompyuta moja hadi ya nyingine, ni ya bure, lakini hupitia mtandao: Wi-Fi ikielemewa, mshale hukwama kisha huruka. Unganisha kwa waya wa LAN, mara nyingi hutulia. Swichi ya KVM, yaani kisanduku kinachohamisha kibodi, skrini na kipanya kutoka kompyuta moja hadi nyingine, inauzwa, ila haihitaji mtandao na hufanya kazi hata kabla Windows haijawaka. Upande wa matunzo, hewa ya chumvi hapa pwani hula matundu yake, yafunike.

Kwa zote mbili, kipokezi cha kipanya kisicho na waya kikibanana na tundu la USB 3.0, mshale hugugumia. Kisogeze kwa waya wa kurefusha kabla hujalaumu kingine.

Kompyuta ya ofisi isiyoruhusu kuwekewa programu inataka swichi. Mwenye skrini mbili bega kwa bega, programu itamfaa zaidi.