Lateksi nyekundu ya kudungia ateri za ubongo wa mbwa: nzuri, ila haitaki haraka

Kwa anayefundisha anatomia ya mifugo, lateksi hii (mpira wa majimaji unaodungwa kwenye mishipa ukaganda humo) inashinda modeli za plastiki kwa mbali. Modeli huonyesha pete ya ateri chini ya ubongo ikiwa sawasawa kushoto na kulia, na mbwa halisi hawako hivyo. Ateri mbili za mbele ya ubongo huweza kuungana kuwa shina moja fupi, kuunganishwa na kitawi chembamba tu, au kila moja kushika njia yake. Ateri ya kati huweza kuwa mbili upande mmoja. Zile za nyuma ya serebela (ubongo mdogo wa kisogoni) nazo, mara nyingi ya kulia na ya kushoto hazichomozi usawa mmoja kwenye ateri ya basila, ile inayopita katikati chini ya shina la ubongo.

Udhaifu wake ni kuganda mapema. Formalini, dawa ya kuhifadhia maiti, huigandisha, kwa hiyo dunga kwanza, hifadhi baadaye. Safisha karotidi zote mbili (ateri kubwa za shingoni) kwa maji ya chumvi ya 0.9% yenye uvuguvugu mpaka yanayotoka kwenye vena za shingo yawe meupe. Lateksi ikorogwe taratibu, isitikiswe, kwani povu litageuka hewa ndani ya mshipa; kisha ichujwe kwa shashi. Sukuma polepole na uache vimishipa vya weupe wa jicho vinapoanza kuwa vyekundu. Ukilazimisha, ateri nyembamba hupasuka na lateksi humwagika chini ya utando wa ubongo, ikafunika pete yote. Kichwa kikae kwenye formalini ya 10% wiki moja hivi kabla ya kufungua fuvu.

Kosa linaloharibu kazi nzuri ni kuandika kwamba tawi halipo, kumbe halikujaa. Chukua lenzi: mshipa usiojaa huonekana kama uzi mweupe, na mdomoni pake aghalabu pana kiputo cha hewa au bonge la damu. Ufuate kwa ncha ya sindano mpaka mwisho ndipo uandike.

Kwa mbuzi na kondoo lateksi iwe nyepesi zaidi, kwa sababu damu ya ubongo wao hupita kwanza kwenye wavu wa vimishipa. Karotidi ya ndani ya mbwa hufika ubongoni yenyewe.

Harufu ya amonia iliyomo kwenye lateksi ni kali, fungua madirisha. Chupa ikishafunguliwa hufanya utando juu. Uondoe wote, usiukoroge ndani, maana vipande vyake huziba kanula, kile kijibomba cha kudungia.