Uzoefu wangu: Fundi aliyeikataa ThinkPad yangu kwa kuwa "si ya IBM"

Fundi anaweza kukosa kipuri, anaweza kuzidiwa na kazi, anaweza hata kuniambia waziwazi kwamba mashine yangu imechoka, na yote hayo nitayapokea. Nisichokubali ni kudharauliwa mbele ya watu kwa hoja ya uongo, nalo ndilo lililonikuta miezi kadhaa iliyopita katika duka moja la kompyuta hapa Dar es Salaam, nilipopeleka ThinkPad yangu, kompyuta mpakato ya kampuni ya Lenovo ya China, ambayo feni yake ilikuwa inakwama kwa vumbi na mashine nzima kuzimika.

Hakuifungua. Aliifunika, akaangalia mgongoni mwa kioo, asipoiona nembo ya IBM akaisukuma juu ya kaunta kuelekea kwangu. "Mama, hii ya Wachina. ThinkPad ilikuwa enzi za IBM. Hizi za Lenovo feni ikifa, mashine imekufa. Nunua nyingine." Nikamwambia, fundi, naomba uifungue tu uitazame feni. Hakunijibu; alikuwa ameshageukia simu yake, na wateja wawili waliokuwa nyuma yangu wakacheka.

Mashine hiyo ni toleo la mwaka 2011. Herufi kadhaa za kibodi zimefutika kwa vidole vyangu na kile kitufe chekundu cha katikati cha kusogezea kishale kimelainika kabisa, lakini matokeo ya wanafunzi wangu wa miaka mingi yamepita humo na haijawahi kunipotezea faili. Ndiyo maana maneno ya fundi yule yaliniuma kuliko bei yoyote ambayo angeitaja.

Tuanze na alichopatia. Ni kweli kwamba ThinkPad ilizaliwa IBM, kampuni iliyoundwa Marekani mwaka 1911 kwa kuunganisha watengenezaji wa mizani, saa za kuandikisha mahudhurio kazini na mashine za kadi za matundu, na iliyochukua jina la IBM mwaka 1924. Ni kweli pia kwamba Agosti 1981 IBM ndiyo iliyotoa ile IBM PC iliyoweka kipimo cha kompyuta za mezani. Lakini kwa sababu ya haraka ya kuingia sokoni, IBM ilichukua kichakataji (ubongo wa kompyuta) cha Intel na mfumo endeshi wa Microsoft, vitu ambavyo wengine nao waliweza kuvinunua, na haikuchukua muda kampuni nyingine, Compaq ikiwa miongoni mwa za mwanzo, zikaanza kuuza kompyuta zinazoendesha programu zilezile. Kuanzia hapo kutengeneza kompyuta kukawa biashara ya faida nyembamba, na mwenye kuianzisha akawa mmoja tu kati ya wauzaji wengi.

ThinkPad ya kwanza ya kukunjua, 700C, ilitoka mwaka 1992. Umbo lake jeusi la pembe kali lilibuniwa na Richard Sapper, Mjerumani aliyefanya kazi zake Milan, na uhandisi wake ulifanyika katika maabara ya IBM ya Yamato, Japani, chini ya Arimasa Naitoh. Kwa hiyo hata katika enzi ambazo fundi anazililia, mashine hii ilikuwa kazi ya mikono ya mataifa kadhaa.

Desemba 2004 IBM ilitangaza kuuza kitengo chake cha kompyuta binafsi kwa Lenovo, na mauzo yakakamilika Mei 2005. Bei ilikuwa dola bilioni 1.25 za fedha taslimu na hisa, pamoja na madeni ya dola milioni 500 ambayo Lenovo iliyabeba. IBM haikuporwa kitu. Kitengo kile kilikuwa kinaingia hasara mwaka hadi mwaka, nayo ilikuwa imeamua kuelekea kwenye huduma, programu na seva. Lenovo, iliyoanzishwa Beijing mwaka 1984 na Liu Chuanzhi na wenzake kutoka Chuo cha Sayansi cha China, haikununua jina tupu: ilipokea karibu wafanyakazi 10,000, pamoja na ile maabara ya Yamato. Naitoh mwenyewe alihamia Lenovo na kuendelea kuitengeneza ThinkPad. Je, bidhaa inaghushiwaje na mtu yuleyule aliyeitengeneza tangu mwanzo?

Nilimweleza fundi haya kwa ufupi, kwa adabu. Akacheka, akachukua kutoka kabatini ThinkPad kuukuu yenye nembo ya IBM na kuniwekea mezani: "Hii ndiyo orijino, mama." Nikaigeuza. Chini ya betri palikuwa na kibandiko kilichochakaa, na juu yake iliandikwa kwamba imetengenezwa China. Hilo halikunishangaza hata kidogo, kwa sababu IBM ilikuwa na kiwanda cha ubia Shenzhen pamoja na kampuni ya Great Wall tangu miaka ya 1990, na kiwanda hicho kilikuwa sehemu ya mauzo ya 2005. Nilimwonyesha kwa kidole. Aliichukua mashine yake, akairudisha kabatini, akasema duka linakaribia kufungwa. Ilikuwa bado mchana.

Sisemi kwamba Lenovo haina doa. Mwaka 2012 iliiondoa ile kibodi ya safu saba iliyopendwa na wengi, jambo ambalo mimi bado sijalisamehe. Baya zaidi, mwaka 2014 na mwanzoni mwa 2015 iliuza kompyuta za nyumbani zikiwa na programu ya matangazo ya Superfish iliyodhoofisha usalama wa mawasiliano ya mtumiaji, hadi tume ya biashara ya Marekani ikaingilia. ThinkPad hazikuwekewa programu hiyo, lakini imani ya watu iliguswa, na kama fundi angenitajia hilo ningemsikiliza kwa heshima. Hakulijua. Alichojua ni kwamba Mchina ni feki, basi.

Feni ilibadilishwa na kijana mwingine mtaa wa pili kwa muda usiozidi wa kunywa chai, na mashine inafanya kazi kama zamani. Nilipoanza kuandika nilikusudia kulipatia duka lile nyota tatu, kwa sababu betri na chaja zao ni halisi na bei yao ni ya haki kuliko majirani zao. Kila nikikumbuka kicheko kile nyota zinapungua. Nawapa moja, ya chaja, na hata hiyo chaja ijayo nitainunua kwa yule kijana, ingawa anaiuza ghali kidogo.