Paja limevunjika kwenye ajali ya bodaboda: kuvutwa kwa uzito au kuwekewa chuma?

Kuvutwa ni hivi: pini inapitishwa kwenye mfupa chini ya goti, inafungwa kamba, na uzito unaning'inia mwisho wa kitanda. Hakuna upasuaji mkubwa, na bili ya mwanzo haitishi. Ila mtu mzima analala hivyo wiki 6 hadi 12. Anakula chali, haja zote hapohapo kitandani; vidonda vya mgongo vinamnyemelea, damu inaweza kuganda mguuni, na mfupa ukiunga vibaya anabaki na mguu mfupi. Nani analisha familia muda wote huo? Hiyo haiandikwi kwenye bili.

Chuma huingizwa ndani ya mfupa na kukazwa kwa skrubu. Wengi hushika magongo baada ya siku chache. Pesa inatakiwa kwa mkupuo, na vijidudu vikiingia ni shughuli nyingine. Kipo chuma kiitwacho SIGN, kilichobuniwa Marekani kwa hospitali zisizo na eksirei ndani ya chumba cha upasuaji.

Angekuwa ndugu yangu, tungechangishana apate chuma. Kuvutwa nawaachia watoto wadogo, ambao mifupa yao huunga upesi, na anayesubiri zamu ya upasuaji.