Intaneti ya Setilaiti Kijijini: Usinunue Kasi, Nunua GB

Karibuni watazamaji. Leo tunachambua intaneti ya setilaiti, na ninawalenga hasa ninyi mnaoishi mahali ambapo faiba haijafika na mnara wa simu unashika ukisimama kona moja tu ya uwanja. Matangazo yake yote yanaanza na kasi: Mbps 50, Mbps 100, Mbps 200. Naomba tuiweke kasi pembeni kidogo, kwa sababu bili yako ya mwezi itaamuliwa na GB, na zaidi ya hapo itaamuliwa na kile kinachotokea GB hizo zikiisha.

Tupige hesabu moja pamoja. Kasi hupimwa kwa biti (Mbps ni megabiti kwa sekunde), kifurushi hupimwa kwa baiti (GB ni gigabaiti), na baiti 1 ni biti 8. Ukiwa na kifurushi cha GB 50 kwenye laini ya Mbps 100, na ukaitumia kasi yote bila kupumzika, kifurushi kinakwisha kwa dakika kama 67. Hicho ni kifurushi cha mwezi mzima, kimekwenda ndani ya saa moja na dakika saba. Hakuna anayetumia hivyo kwa kukusudia, lakini kompyuta inayojipakulia masasisho hufanya hivyohivyo, na haikuulizi.

Sasa, kwa nini kampuni ziweke kikomo? Wengi wanadhani ni tamaa tu. Tuwe waungwana, kuna sababu ya kiufundi, nayo ukiielewa utajua pa kubana. Setilaiti ina uwezo wake uliopimwa, na watu wote walio chini ya miale yake wanagawana uwezo huo. ViaSat-1, iliyorushwa mwaka 2011, ilikuwa na uwezo wa jumla wa Gbps 140 (Gbps 1 ni Mbps 1,000), na wakati ule hakukuwa na setilaiti ya mawasiliano yenye uwezo mkubwa kuliko huo. Namba inasikika kubwa. Igawe sasa kwa wateja 500,000 wote wakiwa hewani kwa pamoja: kila mmoja anabaki na Kbps 280, yaani Mbps 0.28. Hapo video haichezi. Jupiter 3, iliyorushwa Julai 2023 kwa ajili ya HughesNet, huduma ya intaneti ya setilaiti ya Marekani, ilipandisha uwezo hadi Gbps 500 na zaidi, na kweli mambo yamekuwa nafuu, lakini mgawanyo ni uleule. Ni bomba moja la maji kwa kijiji kizima. Ndiyo maana saa za jioni, kila nyumba ikiwasha video, unaona mduara unazunguka tu.

Hapa tutenganishe aina mbili, maana watu wanazichanganya dukani. Kuna setilaiti za juu kabisa, kilomita 35,786 juu ya ikweta, ambazo dishi lake likishaelekezwa halisogei tena. HughesNet na Viasat wamejijenga juu ya hizo. Halafu kuna setilaiti za chini, kama za Starlink, zinazozunguka kwenye kilomita 550 hivi, maelfu yao, zikipokezana juu ya kichwa chako. Ukituma ombi kupitia ile ya juu, ombi linapanda, linashuka, jibu linapanda, linashuka: zaidi ya kilomita 143,000. Hata kwa mwendo wa mwanga hiyo ni karibu nusu sekunde, na kwa vitendo huwa milisekunde 600 na zaidi. Ukurasa mmoja unaweza kuhitaji safari kama hizo kadhaa kabla haujaonekana. Kwa setilaiti ya chini safari yenyewe angani ni milisekunde 7 au 8, na ukiongeza njia ya ardhini unapata 25 hadi 60. Kama kazi yako ni simu za video au michezo ya mtandaoni, sina haja ya kuendelea: chukua ya chini. Na kama ofisi yako inakulazimisha kutumia VPN, yaani njia iliyofichwa ya kuingia mtandao wa ofisi, ujue kwamba setilaiti za juu hutegemea ujanja fulani wa kuharakisha kurasa, na VPN nyingi huuzima ujanja huo.

Haya, turudi kwenye GB, ndiko uzito uliko.

Kikomo kina sura tatu. Ya kwanza, kifurushi kikiisha, mtandao unakatika mpaka uongeze pesa. Hiki angalau kinaeleweka, hakikufichi. Ya pili, kifurushi kikiisha unashushwa kasi, mara nyingi hadi Mbps 1 au 3, mpaka mwezi mpya. Usikidharau hiki hata kidogo. Mbps 1 ikiwa wazi saa 24 inaweza kupitisha GB 10.8 kwa siku. Ujumbe utakwenda, barua pepe zitakwenda, mazungumzo ya sauti yatakwenda, mtoto atasoma masomo yake ya maandishi. Video tu ndiyo itakayogoma. Kwa familia nyingi mkataba wa namna hii una thamani kuliko ule wa kwanza wenye GB nyingi zaidi, na mimi ningeuchagua bila kusitasita, kwa sababu mtandao kukatika tarehe 20 wakati unasubiri majibu ya maombi ya kazi ni maumivu ya kweli.

Sura ya tatu ndiyo inayonikera: kifurushi kinachoitwa hakina kikomo. Soma maandishi madogo, utakuta maneno "sera ya matumizi ya haki". Maana yake ni kwamba ukivuka kiasi fulani hukatwi wala hushushwi moja kwa moja, ila unawekwa nyuma ya foleni. Mtandao ukiwa mtupu huoni tofauti. Ukijaa, wenzako wanapita wewe unasubiri. Nasema wazi, hicho ni kikomo. Kiandikwe kwa herufi kubwa kama bei ilivyoandikwa. Mtu anayeuza ng'ombe ili alipie vifaa ana haki ya kujua atapata nini saa mbili usiku, na sio kile atakachopata saa tisa usiku akiwa amelala.

Na saa tisa usiku yenyewe tuizungumzie. Baadhi ya vifurushi vinatoa GB za ziada za usiku wa manane. HughesNet kwa miaka mingi iliwapa wateja wake wa Marekani GB 50 kama hizo, zinazotumika kati ya saa 8 usiku na saa 2 asubuhi. Kwenye tangazo GB hizo hujumlishwa na zile za mchana ili namba ionekane nono. Ukipiga bei ya GB moja, zitoe kwanza. Zirudishe tu kama una kompyuta unayoweza kuipangia ipakue usiku yenyewe, na kama una umeme wa kuiwasha usiku huo.

Umeme, jamani! Karibu kila uchambuzi ninaouona unaruka hapa, ilhali kijijini hii ni gharama kamili. Dishi la kawaida la setilaiti za chini pamoja na ruta hula kati ya wati 50 na 100. Tuchukue 75. Likiwaka saa 24 ni uniti (kWh) 1.8 kwa siku, uniti 54 kwa mwezi. Kama unatumia sola, na unapata jua kali saa 5 kwa siku, hesabu kavu inakudai paneli ya wati 360 kwa ajili ya intaneti peke yake, na upotevu wa njiani utakudai zaidi. Usiku wa saa 12 unahitaji uniti 0.9 kwenye betri. Betri moja ya asidi ya volti 12, Ah 100, ina uniti 1.2, na si vizuri kuitumia zaidi ya nusu, kwa hiyo haikufikishi asubuhi. Zima kifaa mnapolala na hesabu inapungua sana. Dishi dogo la Starlink, lile linaloitwa Mini, hula wati 25 hadi 40, na kwa nyumba ya sola tofauti hiyo inaweza kuwa kubwa kuliko tofauti ya bei ya vifaa.

Bei ya vifaa nayo usiitazame peke yake. Tuseme vifaa ni sawa na ada ya miezi 6. Ukivitandaza kwa miaka 2, umeongeza robo ya ada kila mwezi. Jumlisha ada, robo hiyo, na umeme. Gawa kwa GB unazoweza kuzitumia ukiwa macho. Jibu linalotoka ndilo bei halisi ya GB yako, na ndilo la kulinganisha na bando la simu. Wapo watakaokuta bando la simu bado ni nafuu, hasa mtu mmoja anayetumia ujumbe na sauti tu. Kama mnara wako unashika vizuri usiku na mchana, antena nzuri ya nje inaweza kukutosha. Ukiambiwa vifaa ni vya bure au vya kukodi, uliza mkataba ni wa muda gani na faini ya kuuvunja ni kiasi gani. Mikataba ya miezi 24 ni ya kawaida kwenye biashara hii.

GB zinakwenda wapi? Video, karibu zote. Filamu kwa ubora wa kawaida ni kama GB 1 kwa saa. Kwa ubora wa HD ni kama 3. Kwa 4K ni 7. Familia inayotazama saa 2 kila usiku kwa HD inamaliza GB 180 kwa mwezi. Ikishusha hadi ubora wa kawaida ni 60, na kwenye skrini ya simu sidhani kama kuna atakayeona upungufu. Mpangilio huo peke yake unaweza kukushusha kutoka kifurushi kikubwa hadi cha kati. Zima video inayojichezesha. Zima picha na video kujipakua kwenye makundi ya WhatsApp. Kwenye Windows, uambie mtandao huu ni wa kulipia kwa kipimo ("metered connection"), na uzime ule mpangilio unaoruhusu kompyuta yako kuwagawia wengine masasisho, maana hata unachotuma huhesabiwa. Hifadhi ya picha ya mtandaoni isubiri siku ukifika mjini.

Mvua kubwa itakukatia, aina zote mbili. Masafa ya Ku na Ka yanayotumika huzuiwa na maji. Mara nyingi ni dakika chache, na hakuna fundi wa kulirekebisha hilo, lakini dishi lililofungwa vizuri bila tawi la mti mbele yake linateseka kidogo.

Kwa hiyo nani anunue? Zahanati, shule, duka lenye wateja wa malipo ya mtandao, mtu anayefanya kazi za kompyuta nyumbani: ndiyo, ya chini, hata kama vifaa ni ghali. Nyumba chache zinazotaka kuchanga, hesabu inavutia sana, ila someni kwanza masharti, kwa sababu vifurushi vingi vya nyumbani vinakataza kugawa au kuuza. Ulizeni kifurushi cha biashara au cha jumuiya. Ya juu ningeichukua pale tu ya chini haiuzwi, au orodha ya kusubiri imejaa, na kwa mkataba unaoshusha kasi badala ya kukata.

Baadhi ya kampuni zinakupa siku 30 za kurudisha vifaa. Mkipewa, zitumieni sawasawa: pimeni jioni, pimeni kwenye mvua, na kila Jumapili someni kwenye ruta ni kifaa gani kimekula GB ngapi. Haijafika siku ya 25, mtakuwa mmeshajua kama mnavirudisha.