Uzoefu wangu na albamu za Jessi Colter

Nilinunua "Wanted! The Outlaws", albamu ya mwaka 1976, kwa sababu ya Jessi Colter, mwimbaji wa muziki wa kantri wa Marekani na mwanamke pekee kati ya wasanii wanne waliomo, wengine ni Waylon Jennings, aliyekuwa mumewe, Willie Nelson na Tompall Glaser. Jalada lake limebuniwa kama tangazo la wahalifu wanaosakwa, lakini uasi wenyewe haukuwa wa bunduki: walichokikataa ni kupangiwa na wakubwa wa kampuni za muziki za Nashville, kitovu cha kantri, nyimbo za kuimba, wapigaji wa kuwasindikiza na namna ya kurekodi. Albamu hiyo ikawa ya kwanza ya kantri kufikia hadhi ya platinamu, yaani mauzo ya nakala milioni moja, nchini Marekani.

Hata hivyo, anayemtafuta Jessi humo atampata kidogo mno. Kati ya nyimbo 11 anaimba mbili peke yake, na ya tatu, "Suspicious Minds", anaimba na mumewe. Hiyo ya tatu ni nzuri kweli, kwa kuwa sauti nzito ya Waylon haimfuniki. Lakini mbele kidogo Glaser anaimba wimbo wa mzaha kuhusu mume anayemtumatuma mkewe bila kupumua, nami sikuweza kujizuia kufikiri kwamba mwanamke huyu pekee angepewa nafasi pana zaidi.

Nafasi hiyo aliipata katika "I'm Jessi Colter" ya mwaka 1975, na hii ndiyo albamu ninayoisifu bila kusita. Wimbo wake mkuu, "I'm Not Lisa", aliutunga mwenyewe, nao unaanza na piano ya taratibu kabla ya sauti yake kuingia, karibu kama anayezungumza, akimkumbusha mwanamume kwamba yeye si yule aliyemwacha miaka mingi iliyopita. Hafoki wala halii. Anajitaja jina lake tu, na ombi hilo dogo linauma kuliko tusi. Wimbo huo ulishika nafasi ya 1 kwenye chati ya kantri na ya 4 kwenye chati ya jumla ya Marekani.

Piano hiyo ina asili yake. Jessi, ambaye jina lake la kuzaliwa ni Mirriam Johnson, alizaliwa mwaka 1943 huko Phoenix, Arizona, akalelewa na mama aliyekuwa mhubiri wa Kipentekoste, na alikuwa bado mtoto alipoanza kupiga piano kanisani. Jina la jukwaani alilitoa kwenye simulizi za ukoo kuhusu babu aliyekuwa katika genge la Jesse James, kwa hiyo binti wa mhubiri akajiita kwa jina la jambazi.

Kanisa halikumtoka. Katika "The Psalms" ya mwaka 2017, iliyosimamiwa na Lenny Kaye, mpiga gitaa wa mwimbaji wa roki Patti Smith, anaziimba Zaburi kwenye piano kwa mtindo wa kubuni papo hapo. Mpenzi wa ngoma na gitaa za kishindo atachoka mapema. Mimi niliisikiliza hadi mwisho.

Mwenye fedha ya albamu moja tu anunue ile ya 1975. Lawama yangu ni kwa duka la mtandaoni lililoniuzia: nyimbo zilifika bila kijitabu cha maelezo, hivyo majina ya wapigaji wa vyombo ilinibidi niyatafute mwenyewe.